Mjane wa Kiongozi Wetu wa Bendi Ameniuzia Kabineti ya Spika Bila Kujua Thamani Yake. Nimwambie?

BARUA

Kwako mshauri,

Mimi ni mpiga gitaa. Si wa kutajika, lakini muziki ndio uliokula ujana wangu, na hata sasa sijautosheka. Ninakuandikia kuhusu kabineti ya spika iliyo nyumbani kwangu, na kuhusu mama mmoja ambaye siku hizi akinipigia simu moyo unanienda mbio.

Bendi yetu iliongozwa kwa miaka mingi na mzee mmoja ambaye ndiye aliyenifundisha kupiga gitaa la rithimu na kunivumilia nilipokuwa napotea katikati ya wimbo. Alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Mkewe, ambaye bendi nzima tunamwita Mama, alianza kugawa na kuuza vitu vilivyojaa chumba cha mazoezi. Siku moja akaniita akaniambia, "Mwanangu, hilo sanduku linanizibia chumba. Wewe unalijua kazi yake. Nipe kidogo, ulichukue." Akataja kiasi mwenyewe. Sikuomba apunguze, nililipa papo hapo. Kwa macho yangu ya siku ile ilikuwa kabineti chakavu ya spika nne: reksini imebanduka kwenye kona, nembo hakuna, kitambaa cha mbele kimetoboka, na karatasi ya namba iliyopaswa kuwa nyuma imechanika ikabaki gundi tu.

Nilipoipiga kwa sauti ya chini nikasikia spika moja inakoroma, basi nikafungua mgongo kutazama. Hapo ndipo usingizi uliponitoka. Spika tatu zina vifuniko vya plastiki vya kijani nyuma ya sumaku, zina lebo zinazosomeka Celestion G12M, na zimeandikwa T1221. Kwenye ukingo wa chuma wa mojawapo nimeona herufi zilizogongwa, KC, zikifuatwa na namba. Ya nne ina kifuniko cheusi, haina lebo kabisa, na lehemu kwenye nyaya zake inang'aa wakati ya zile tatu imefifia ikawa kijivu. Sanduku lenyewe ni la plaiwudi, nimeona tabaka zake pale palipokatwa tundu la jeki, pa kuchomekea waya. Kitambaa cheusi cha mbele si cha kwanza, kwa sababu pembeni, chini ya pini za zamani zilizoshika kutu, kimebaki kipande cha kitambaa kingine kilichosukwa kama mkeka. Na juu kushoto kuna vitundu vidogo na alama hafifu mahali ambapo nembo ilikuwa.

Rafiki yangu wa bendi, mpiga solo, alipoiona alishika kichwa. Anasema hiyo ni kabineti ya kampuni ya Marshall ya enzi za mpiga gitaa Jimi Hendrix na kwamba nimeokota dhahabu. Ushauri wake ni mfupi: "Nyamaza. Hukuiba, hukudanganya, bei alitaja mwenyewe." Anataka tuzitoe zile tatu za kijani tuziuze kwa wanaozikusanya, tuweke spika mpya, na mimi nibaki na kabineti inayofanya kazi pamoja na fedha mfukoni. Mke wangu anaona tofauti kabisa. Ananiambia mtu anayekuita mwanangu hufanyi naye biashara ya kimyakimya, na anataka niende kwa Mama leo kabla ya kesho.

Mama mwenyewe alinipigia majuzi kuuliza kama sanduku linafanya kazi. Nikamwambia linafanya. Akafurahi, akasema marehemu angependa lipigwe kuliko kuozea chumbani. Kisha katika maongezi akataja kwamba bado analipa madeni ya matibabu ya mzee. Hakuniomba kitu. Alitaja tu, kama mtu anavyozungumza na mwanawe.

Mshauri, nimekwama. Sina hakika hata hicho nilicho nacho ni nini. Nikimwambia ni mali ya thamani halafu ikawa takataka, nitakuwa nimempa matumaini ya bure mtu aliye katika msiba. Mwanawe mkubwa naye, ambaye alitaka litupwe, sijui atasemaje. Nikinyamaza, naona nitakuwa nakwepa simu zake maisha yangu yote. Na nikimwambia, naogopa nitaikosa, maana kusema kweli naipenda sauti yake kuliko kabineti yoyote niliyowahi kuchomekea gitaa.

Nitajuaje ni kitu gani? Na nikishajua, nifanyeje?

Mpiga gitaa asiyelala vizuri

JIBU

Ndugu yangu mpiga gitaa,

Pole kwa msiba wa mzee wenu. Barua yako imejaa spika na herufi, lakini jina linalojirudia kila baada ya sentensi chache ni Mama, na nimelizingatia hilo kabla sijashika kalamu.

Nikikuelewa vizuri, umenunua kitu kwa bei aliyotaja muuzaji, bila hila. Baadaye umegundua dalili kwamba huenda kina thamani kubwa kuliko mlivyodhani nyote wawili. Hujui ni kubwa kiasi gani. Marafiki wanakuvuta huku, nyumbani unavutwa kule, na aliyekuuzia ana madeni. Naona mambo mawili yamefungwa pamoja katika barua yako: hujui kabineti hii ni nini, na hujui unapaswa kumtendea vipi Mama. Ninaomba tuyafungue, kwa sababu la kwanza lina majibu ya kupima kwa macho, kwa mita ya umeme na kwa betri. La pili halina mita, na mtu aliyechoka huweza kujificha nyuma ya la kwanza akingoja jibu ambalo halitakuja.

Tuanze na sanduku. Rafiki yako amesema Marshall ya enzi za Hendrix. Ninaelewa furaha yake, lakini ulichoona mpaka sasa ni spika za Celestion, kampuni ya kutengeneza spika ya Uingereza, na Celestion haikumuuzia Marshall peke yake. Vox, Orange, Laney na watengenezaji wengine wa Uingereza walitumia spika za kampuni hiyohiyo, na mafundi wengi waliojitengenezea masanduku yao wenyewe walizinunua pia. Kwa hiyo spika za kijani zinakwambia habari za spika. Habari za sanduku inabidi zitoke kwenye sanduku.

Spika zako zimesema mengi. G12M ndiyo ile ambayo wapiga gitaa huiita Greenback kwa ajili ya kile kifuniko cha kijani. Ilianza katikati ya miaka ya 1960, kwanza ikipimwa wati 20, baadaye 25. T1221 ni namba ya G12M ya omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) yenye karatasi, yaani koni inayotetema mbele ya spika, iliyokusudiwa gitaa. Dada yake aliyekusudiwa besi, mwenye mwitikio wa chini zaidi, alikuwa T1511. Hiyo ni dalili njema, maana namba tatu zinazofanana zinaonyesha huenda ziliingia humo pamoja.

Sasa hizo herufi. Kwa spika za Celestion za kuanzia 1968, herufi ya kwanza ni mwezi na ya pili ni mwaka, kisha namba ya siku. Herufi I haitumiki, kwa hiyo Januari ni A, Agosti ni H, Septemba ni J na Oktoba ni K. Upande wa mwaka, A ni 1968, B ni 1969, C ni 1970. Kama umeisoma KC sawasawa, spika hiyo ilitengenezwa Oktoba 1970. Hendrix alifariki tarehe 18 Septemba mwaka huohuo. Sisemi hivyo kumvunja moyo rafiki yako. Spika ya 1970 ni spika ya kuheshimiwa. Ila ukienda kwa mtu na hadithi ya Hendrix, iwe Mama au mnunuzi, herufi mbili zilizogongwa kwenye chuma zitakukanusha, na baada ya hapo hata la kweli utakalosema litatiliwa shaka.

Jihadhari pia na jambo moja katika kusoma herufi hizi: zilijirudia. Mfululizo wa zamani, ulioishia 1967, ulitumia herufi zilezile kwa miaka mingine, na ndani yake siku ilitangulia, ikafuatiwa na mwezi na mwaka. H ya mwaka huweza kuwa 1963 au 1975. Ndiyo maana herufi husomwa pamoja na vitu vingine, kama aina ya sumaku na maneno ya kwenye lebo. Lebo za zamani zilitaja Thames Ditton huko Uingereza, za baadaye zikataja Ipswich ambako kiwanda kilihamia. Safisha ukingo wa zile nyingine mbili kwa kitambaa kikavu, usitumie dawa wala msasa, usome zote. Zikiwa za mwezi mmoja au miezi ya jirani, una kundi. Zikitofautiana kwa miaka, una mkusanyiko. Na kumbuka kwamba tarehe ya spika haiwezi kuwa tarehe ya sanduku. Inakuonyesha tu kwamba kama spika hizo ndizo za kwanza, sanduku halikufungwa kabla ya hapo.

Kile kipande cha kitambaa kilichosukwa kama mkeka kimenifurahisha kuliko herufi. Marshall walitumia kitambaa cha namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kabla ya kile cha miraba na baadaye cheusi kitupu. Kitambaa cha kuiga kinauzwa hadi leo kwa mita, lakini kipande kilichobanwa chini ya pini zenye kutu, na juu yake kitambaa kingine kimetiwa, hakuna mtu anayejisumbua kukighushi mahali pasipoonekana. Kiache palepale. Usikivute, usikikate ukampelekee mtu mkononi. Pima umbali wa vile vitundu vya nembo, kisha uulinganishe na nembo halisi za wakati ule. Tazama pia kama plaiwudi imeunganishwa kwenye kona kwa meno yanayoingiana, na kama ndani kuna nguzo ya mbao katikati inayoshikilia mgongo. Plaiwudi hiyo ya tabaka inakupa matumaini, kwa sababu masanduku mengi ya bei nafuu yalifanywa kwa chipubodi, ambayo ikila unyevu huvimba ukingoni na kumomonyoka kwenye skrubu.

Kuhusu spika ya nne usifanye haraka kuidharau. Rangi nyeusi peke yake haithibitishi kitu, kwa maana kifuniko cha kijani hakikuwa rangi pekee ambayo Celestion waliitumia kwa G12M. Kuna zenye kifuniko cheusi na kuna zenye rangi ya krimu. Lehemu inayong'aa inaonyesha kwamba mkono uliingia hapo baadaye. Mkono huo ulileta nini, bado hatujui. Angalia ukingo wa fremu. Ukikuta herufi na siku kwa mtindo kama wa wenzake, ni Celestion, huenda ya wakati mwingine. Ukikuta namba tupu, huenda ni ya Marekani: kule mtengenezaji alitambulishwa kwa namba, 220 ikiwa Jensen, 465 Oxford, 67 Eminence, zikifuatwa na tarakimu za mwaka na za juma.

Hapa nakuomba uwe makini kwa usalama wa zile tatu. Chukua mita, ipime kabineti nzima kwenye jeki bila kufungua kitu. Spika nne za omu 16, zikiunganishwa mbilimbili kwa mfuatano na jozi hizo zikawekwa sambamba, hutoa omu 16, na mita itasoma kama 12 au 13 kwa sababu mita hupima tu waya wa koili, ule uliozungushwa nyuma ya karatasi. Ukikuta 11 hivi, shuku kwamba ile ya nne ni ya omu 8. Katika mpangilio huo spika ya omu 16 iliyofungwa jozi na ile ya omu 8 haibebi tena robo ya mzigo. Inabeba karibu asilimia 38. Kwa amplifaya inayotoa wati 100, hizo ni wati 38 juu ya spika iliyotengenezwa kwa 25, yenye umri wa zaidi ya nusu karne. Karatasi yake haitakupa onyo mara mbili. Mpaka ujue, piga kwa amplifaya ndogo au usipige.

Kuna vipimo viwili vingine visivyodhuru. Gusa betri ya volti 9 kwenye ncha za waya wa jeki mara moja na kuachia, huku mtu mwingine akitazama: spika zote nne zijongee upande mmoja. Ikiwa moja inarudi nyuma wakati wenzake wanatoka mbele, imefungwa kinyume, na sauti zako za besi zinafutana. Kisha kwa vidole vya mikono yote miwili, sukuma kila karatasi taratibu na kwa usawa, uisikilize. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku, na mkoromo wako umeshaupata.

Na la mwisho kwa upande huu, ambalo ndilo linaloamua zaidi hiyo "dhahabu" ya rafiki yako: je, karatasi ni zile za kwanza? Fremu, sumaku na lebo huweza kuwa za 1970 huku karatasi na koili zimebadilishwa na fundi mwaka wowote baada ya hapo. Spika ya namna hiyo huweza kulia vizuri sana, lakini kwa wanaokusanya imeshuka. Tazama nyuma ya karatasi kama kuna alama zilizogongwa kiwandani na kama zinafanana kwa zote tatu. Tazama gundi ya ukingoni kama imetulia au imemwagika, na kikofia cha katikati kama kina rangi ya uzee uleule. Mzee wenu alikuwa kiongozi wa bendi iliyofanya kazi. Spika zinazofanya kazi huungua. Sitashangaa hata kidogo kusikia moja yao iliwahi kurudishwa uhai.

Tutoke sasa kwenye sanduku, twende kwa Mama.

Umeandika kana kwamba hajui kitu. Una hakika? Ameishi na mwanamuziki maisha yake yote. Inawezekana hajui T1221 ni nini, lakini anajua kwamba mumewe alilibeba sanduku hilo kwa miaka, akalitunza, akakataa kulitupa. Huenda aliita watu watatu akilini mwake na akakuchagua wewe. Kama ni hivyo, ile bei ndogo haikuwa ujinga wa soko. Ilikuwa namna ya kukupa bila kukuaibisha. Inawezekana pia kwamba hakujua kabisa, na angejua angelipa nusu ya madeni. Wewe na mimi tukikaa hapa hatuwezi kulitambua hilo. Yeye yupo, na anapokea simu.

Umeandika pia kana kwamba kumwambia ni sawa na kuipoteza. Ninaelewa hofu hiyo, na nakushukuru kwa kuitaja, maana wengi wangeificha. Lakini kati ya kumwambia na kuipoteza kuna njia nyingi. Kuna watu waliokwenda na habari kama hiyo wakaambiwa, "Si nilikupa mwanangu?" Kuna waliokubaliana waongeze kiasi kidogo kidogo kadiri wanavyoingiza. Kuna walioacha kitu kikawa cha wote wawili, kwamba kikiuzwa siku yoyote fedha zigawanywe. Na kuna waliorudisha kitu, wakaumia. Siwezi kukuahidi utaangukia wapi.

Rafiki yako mpiga solo simhesabu kuwa mtu mbaya. Ana hoja. Bei ilitajwa na mwenye mali, wewe hukuwa mfanyabiashara wa vitu vya zamani uliyemzunguka mjane, na macho ya kutambua kitu hupatikana kwa miaka ya kukipenda. Ila jiulize swali hili kwa upande wa pili: kama ungefungua mgongo ukakuta spika zote nne zimekufa, ungerudi kwa Mama kudai fedha zako? Ukijibu hapana, kwamba hayo yangekuwa makubaliano na ungeyameza, basi una sababu ya kusema bahati njema nayo ni yako. Ukijibu ndiyo, ungemweleza angalau, basi umeshajua mnazungumza lugha gani nyinyi wawili. Sikuulizi ili unipe jibu. Ni lako.

Pendekezo lake la kuzitoa zile tatu ndilo linalonipa wasiwasi zaidi, na si kwa sababu ya Mama peke yake. Ni kweli kwamba spika za namna hiyo zikiuzwa mbali na sanduku mara nyingi hukusanya fedha nyingi kuliko kabineti ikiuzwa nzima. Ndiyo sababu masanduku mengi ya zamani leo ni matupu. Lakini una tatu, na wanunuzi hutafuta jozi au nne. Ukizilehemua, unaondoa ile lehemu ya kijivu, ambayo ndiyo shahidi kwamba hazijaguswa. Na ukishafanya hivyo kabla Mama hajajua, hata ukija kubadili nia hutakuwa na kitu kilekile cha kumwonyesha. Unaweza kuacha kunyamaza wakati wowote ukaamua kusema. Kuligawanya sanduku hakuna kurudi.

Mke wako naye ana haki katika wasiwasi wake, lakini "leo kabla ya kesho" ina hatari yake. Ukienda na neno dhahabu mdomoni, mtu mwenye madeni atalisikia neno hilo tu. Ataanza kupanga. Mwanawe mkubwa atasikia, na huenda ukawa umewasha ugomvi wa mirathi juu ya kitu ambacho labda kimebadilishwa karatasi mara mbili. Upande mwingine, "ngoja nichunguze kwanza" nayo ina tabia ya kurefuka. Leo unangoja mita, kesho unangoja fundi, mwezi ujao unangoja mtu aliye safarini, na kila simu ya Mama inakuwa nzito kuliko iliyotangulia. Ukichagua kuchunguza kwanza, ingekusaidia kujiwekea kikomo, na mke wako akakijua.

Ipo njia ya katikati ambayo sijui kama umeifikiria: kumwambia kile unachokijua na usichokijua, bila thamani yoyote. "Mama, nimefungua lile sanduku. Ndani nimekuta spika tatu za zamani ambazo watu huzitafuta. Sijui bado kama ni nzima wala kama ni za kwanza. Nitazipeleka kwa fundi nikuletee majibu." Faida yake ni kwamba unaacha kulibeba peke yako, na huenda yeye akawa na kumbukumbu ambazo hakuna fundi atakayekupa: lilinunuliwa lini, kwa nani, nani alibadilisha ile ya nne na kwa nini nembo iling'olewa. Maelezo kama hayo, hasa yakiwa na picha ya zamani ya mzee akiwa jukwaani na kabineti nyuma yake, hutambulisha sanduku kuliko namba. Hatari yake ni kwamba unaweka jambo mikononi mwa familia kabla hujajua uzito wake, na huwezi tena kuamua mwenyewe.

Njia yoyote utakayoifuata, mchague fundi asiye mnunuzi. Anayetaka kununua huona kasoro nyingi, anayetaka kukusifia haoni hata moja. Mlipe kwa muda wake, ili usiwe na deni la fadhila kwake. Na mkifika kwenye thamani, msitazame bei zinazoombwa na wauzaji. Tafuteni bei ambazo watu wamelipa kweli, kwa spika zenye hali kama ya zenu. Tofauti kati ya hizo mbili imewahi kuwaliza wengi. Kabla ya yote, piga picha kila upande: lebo, ukingo, lehemu, karatasi mbele na nyuma, pini zenye kutu. Picha hizo zitakulinda mbele ya Mama, mbele ya mwanawe, na mbele ya yeyote atakayesema baadaye kwamba ulibadilisha kitu.

Kuhusu kuipenda sauti yake, usione haya. Mzee alikufundisha gitaa mbele ya spika hizo, na huenda unachosikia ni mkono wake pamoja na karatasi kuukuu. Hilo pia unaweza kumwambia Mama. Halihitaji kuthibitishwa na fundi.

Niandikie ukishasoma ukingo wa ile spika ya nne. Nitumie namba zake, kipimo cha mita kwenye jeki, na picha ya nyuma ya karatasi za zile tatu, nikusaidie kuzisoma. Na kama kufikia hapo utakuwa umezungumza na Mama, niambie alisemaje.

Wako,
Mshauri